Ushahidi wa Nyumba

Mlango wa nyumba nambari 17 ya Gough Square, katika vichochoro vilivyo nyuma ya barabara ya Fleet Street mjini London, hufungwa kwa ndani kwa mnyororo mzito wa chuma, ambao ncha yake huzungushwa katika ndoano iliyosokotwa, ili aliye nje asiweze kuufungua hata akifaulu kupenyeza mkono. Na juu ya mlango huo, penye kidirisha cha kuingizia mwanga, pamepitishwa chuma chenye miiba, ili wevi wasimpenyeze mtoto mdogo usiku aje kuwafungulia wenziwe. Ndani ya nyumba hii, tangu mwaka 1748 hata mwaka 1759, alikaa Samuel Johnson, mwanachuoni aliyewatungia Waingereza kamusi yao kuu, na ambaye katika miaka hiyo yote aliwaogopa wadai wake kuliko alivyowaogopa wevi.

Nilisimama mbele ya mnyororo ule asubuhi moja ya baridi, nami nilikuwa nimekuja, kama wageni wote wajavyo, kwa nia ya kukiona chumba kilichoandikwa kitabu. Lakini mnyororo ulinizuia kwa muda mrefu kuliko chumba, kwa sababu uliniuliza swali ambalo sikuwa nimejitayarisha kulijibu. Mtu aliyeufunga amekufa tangu tarehe 13 Desemba 1784, na mwili wake umezikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Kitabu chake kinapatikana katika maktaba za dunia nzima, na anayekisoma Mombasa hapungukiwi na neno hata moja kwa kutofika London. Basi ikiwa mwili uko kaburini, na roho iko kwa Muumba wake, na ilimu iko kitabuni, ni kitu gani kilichobaki katika nyumba hii hata kiwe na haki ya kulindwa?

Kwa kuwa inalindwa kwelikweli. Jengo lenyewe halina fahari: ni nyumba ya matofali iliyosimamishwa yapata mwaka 1700 na mfanyabiashara wa sufu, ngazi zake za mbao zimepanda orofa nne, na vyumba vyake havizidi ukubwa wa vyumba vya mtu wa wastani wa siku zile. Hata hivyo sheria ya Uingereza imeiweka katika daraja la kwanza la majengo ya kihistoria, na aliye nayo hana ruhusa ya kubomoa ukuta wala kubadilisha umbo lake pasipo idhini ya wenye mamlaka.

Katika mwambao wetu swali hili si geni, ila sisi aghalabu huliuliza makaburini. Wako miongoni mwetu wanaoshika ya kwamba mahali alipoishi mja mwema hubaki na baraka, na kwamba anayepakanyaga kwa adabu huondoka na sehemu yake. Na wako wanaowakataza wenzao jambo hilo kwa ukali, wakihofu kwamba taadhima anayopewa mja, hata kwa njia ya kuta zake, inaweza kuteleza ikawa ni ile impasayo Mola peke yake. Mimi hofu ya hao wa pili siidharau hata kidogo. Nimewaona watu wakibusu vizingiti, na nimeona jinsi ilivyo rahisi kwa moyo dhaifu kuomba haja kwa maiti badala ya kumwombea maiti. Anayesema kuwa jiwe ni jiwe amesema kweli, na kweli hiyo haina budi kukubaliwa kwanza kabla ya neno jingine lolote kusemwa juu ya nyumba za wakubwa.

Lakini je, imetosha? Ajabu ni kwamba aliyelishughulikia swali hili kwa uchungu kuliko wengi ni Johnson mwenyewe, na alilishughulikia ndani ya nyumba hii hii. Mkewe, Elizabeth, aliyemzidi umri kwa miaka ishirini na ambaye yeye alipenda kumwita Tetty, alifariki mwezi wa Machi mwaka 1752, kamusi ikiwa bado haijafika mwisho. Usiku wa tarehe 25 Aprili, saa sita ikiwa imekwisha kupita, mjane yule aliandika dua ambayo imehifadhiwa hata leo. Na katika dua hiyo alimwomba Mungu kwamba, ikiwa ni katika hukumu Yake kuziruhusu roho za waliokufa kuwahudumia walio hai, basi naye aonjeshwe wema wa uangalizi wa mkewe, kwa njia yoyote itakayomridhi Mwenyezi Mungu, iwe kwa ndoto au kwa msukumo wa moyo. Tazama jinsi maombi yale yalivyofungwa kwa sharti. Alikuwa ni Mkristo mkali wa imani, aliyeishi maisha yake yote katika hofu ya siku ya hukumu, naye hakuthubutu kuitamka haja yake ila kwa kutanguliza neno "ikiwa". Hakumwita mkewe, bali alimwita Mola wa mkewe. Mwenye kuwaka kwa huzuni kiasi kile, na asivuke mpaka, amenifundisha mimi kuhusu tofauti ya kumbukumbu na ibada zaidi ya hotuba nyingi nilizozisikia.

Imepokewa vile vile kwamba, baada ya msiba huo, alipoulizwa sababu ya kupanda kufanya kazi katika chumba cha juu kabisa, kilicho chini ya paa, chenye baridi na kisicho raha, ilhali nyumba ina vyumba vizuri chini, alijibu kwamba hicho ndicho chumba pekee ambamo hakupata kumwona mkewe. Jawabu hilo nimelitafakari miaka mingi. Mtu huyu hakuamini kwamba kuta zina roho, wala kwamba mkewe anatangatanga vyumbani. Walakini alijua, kwa maumivu yake mwenyewe, kwamba kumbukumbu ya mwanadamu haikai hewani, nayo ikikosa mahali hupeperuka, na ikipewa mahali hushika hata ikamshinda mwenyewe. Sebuleni alimkumbuka kwa sababu hapo ndipo alipoketi. Kule juu aliweza kuandika kwa sababu hakuna kiti cha kule kilichopata kumbeba. Nyumba haikuongeza kitu juu ya yaliyokuwa moyoni mwake, ila ilikataa kumwachia asahau.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na makundi yote mawili niliyoyataja. Anayetafuta baraka ukutani amemnyima Mungu haki Yake. Na anayesema kuwa jiwe ni jiwe, kisha akanyamaza, ameinyima nyumba haki yake iliyo ndogo lakini ya kweli, nayo ni haki ya shahidi. Sisi tumelelewa katika itikadi kwamba siku ya hisabu viungo vya mtu vitasema aliyoyatenda, na ardhi itatoa habari zake. Kama ardhi yaweza kuwa shahidi siku ile, sioni ni kosa gani kuisikiliza leo, kwa kadiri inavyoweza kusikika, mahali palipotendwa jambo lenye maana kwa watu.

Basi nyumba ya Gough Square inashuhudia nini? Inashuhudia yale ambayo kitabu chenyewe kimeyaficha, kwa kuwa ni tabia ya vitabu vikubwa kufika mikononi mwetu vikiwa vimeoshwa jasho. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, majuzuu mawili makubwa, maneno 42,773, na mifano zaidi ya laki moja iliyochumwa katika maandishi ya Waingereza waliotangulia. Na katika ukurasa wa mbele limechapwa jina la mtu mmoja. Lakini panda orofa ile ya juu, uone urefu wake, na utaelewa mara moja kwamba chumba hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hapa waliketi makarani sita, watano kati yao Waskoti, mbele ya meza ndefu kama za ofisi ya mahesabu. Johnson alisoma vitabu, akavipigia mstari kwa kalamu ya risasi pale penye neno alilolitaka, na makarani wakanakili mifano hiyo katika vipande vya karatasi, wakavipanga kwa alfabeti, mwaka baada ya mwaka, kwa ujira mdogo. Mmoja wao, Robert Shiels, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1753 asikione kitabu kikichapwa. Wachapishaji walikuwa wamepatana na Johnson mwaka 1746 kumlipa gini 1,500 kwa kazi yote, na fedha hizo ndizo zilizolipa makarani, na karatasi, na kodi, na chakula, hata zikaisha kabla kazi haijaisha. Yeye alikuwa ameahidi kumaliza kwa miaka mitatu, na kazi ikachukua yapata tisa. Mwaka mmoja baada ya kamusi kumpa sifa katika nchi nzima, alikamatwa kwa deni, ikabidi amwandikie rafiki yake Samuel Richardson, mtunzi wa riwaya, ampelekee fedha za kumwokoa, naye akampelekea gini sita. Mnyororo wa mlangoni umepata tafsiri yake.

Najua kwamba hapa msomaji aweza kunipinga, akasema: hayo yote umeyapata katika vitabu, hukuyapata ukutani. Ni kweli, na sikusudii kukana. Ila kuna ilimu ambayo mtu huwa nayo miaka mingi bila kuwa nayo, mpaka mwili wake ukutane na kipimo cha mambo. Nilikuwa nimesoma juu ya makarani wale tangu ujana wangu, nami sikuwahi kuwahesabu kuwa watu, mpaka nilipopanda ngazi zile nikahema, nikafahamu kwamba wao walizipanda kila siku, wakati wa baridi, na mwenye kifua kikuu alikuwa miongoni mwao.

Wako pia watakaosema kwamba chumba hicho si chenyewe. Katika vita vikuu vya pili vya dunia mabomu yalilichoma paa lake, na lilinusuriwa na wazimamoto waliokuwa wamepewa nyumba hiyo wapumzikie baina ya zamu zao. Baadhi ya mbao unazoziona zimetiwa baadaye. Pingamizi hili halinitaabishi. Nyumba zetu za mawe za Lamu hupakwa chokaa upya kila kizazi, na boriti za mikoko zikiliwa hutolewa zikatiwa nyingine, na hakuna mwana wa Lamu anayesema kwamba nyumba ya babu yake imekufa siku ilipobadilishwa boriti. Nyumba hufa siku wanaokaa ndani yake wanapoacha kujua ilikuwa ya nani.

Nasema hivi kwa sababu nimeiona ikifa. Chuo nilichosomea utotoni kilikuwa katika ukumbi wa nyumba ya mwalimu wetu, nyumba ya mawe yenye baraza mbili, na baraza ya kulia ilikuwa imelika katikati kama sahani, kwa vizazi vya watoto waliokaa pale wakisubiri zamu ya kusomeshwa, mbao zao mapajani, wino wa masizi ukiwachafua vidole. Mwalimu hakuandika kitabu. Alipofariki, nyumba iliuzwa kwa halali kabisa, na mnunuzi, ambaye simlaumu maana hakuna aliyemwambia, alizivunja baraza zote mbili ili gari lipite. Tangu siku ile nimekutana na watu wazima tuliosoma pamoja, nao hawakubaliani tena kama mwalimu alikuwa akikaa upande wa kibla au upande wa mlango. Na wadogo zao hawaamini kwamba palikuwa na chuo.

Turudi London, maana katika nyumba ile kuna shahidi ambaye sisi watu wa Afrika yatupasa kumsikiliza kwa makini zaidi. Wiki chache baada ya kifo cha Tetty, aliletwa Gough Square mtoto wa miaka kama kumi aitwaye Francis Barber. Alikuwa amezaliwa utumwani katika mashamba ya miwa ya Jamaica, na huko jina lake lilikuwa Quashey, ambalo ni jina la Kiakan la Afrika Magharibi la mtoto mwanamume aliyezaliwa siku ya Jumapili. Bwana wake alimleta Uingereza akambatiza jina jingine, na mwana wa bwana huyo, aliyekuwa tabibu na rafiki ya Johnson, akampeleka kwa mjane yule aliyekuwa na huzuni kuliko haja ya mtumishi. Johnson alichukia utumwa kwa chuki ya dhahiri, hata inasimuliwa kuwa mbele ya wanachuoni wa Oxford aliinua bilauri kuwatakia watumwa wa Jamaica na visiwa jirani uasi mwingine. Alimpeleka kijana shule kwa fedha zake, na alipokimbia kuingia baharini katika merikebu za vita, alihangaika mpaka akaruhusiwa kurudi.

Mwezi wa Januari 1759, siku za mwisho za kukaa kwake Gough Square, mama yake Johnson alikufa Lichfield, naye, ili apate fedha za mazishi na madeni madogo ya marehemu, alitunga kwa jioni za juma moja kisa cha Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, anayetoka katika bonde la raha kwenda kutafuta ni maisha gani yanayompa mtu furaha. Johnson hakupata kukanyaga Afrika. Alichokijua juu ya Uhabeshi alikipata ujanani, alipofasiri safari za Padre Jerónimo Lobo, Mreno aliyewahi kuteremka katika mwambao wetu na kujaribu kuingia Uhabeshi kwa upande wa Juba akashindwa. Fasiri hiyo, iliyotoka mwaka 1735, ndiyo iliyokuwa kitabu chake cha kwanza. Basi fikiri: usiku akiandika juu ya mwana wa mfalme wa Kiafrika, na kijana wa asili ya Kiafrika aliyemlea yuko baharini, na kitanda chake ndani ya nyumba ile kitupu. Rasselas anasomwa hadi leo. Quashey hakuwa na ukurasa, alikuwa na nyumba tu. Na kama nyumba ingalivunjwa, wangapi wangalimuulizia?

Swali hilo linanirudisha kwetu kwa majuto. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Kaburi la mama huyo liko upande wa Nyali hata leo. Kamusi ya Kiswahili aliyoianza katika msiba huo ilichapwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, na nyumba yake ya Rabai imehifadhiwa, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Lakini Kiswahili kile Krapf hakukiokota njiani. Kadhi wa Mombasa aliketi naye, na wengine wengi, wanaume kwa wanawake, walimtamkia maneno, wakamsahihisha, wakamrudia alipokosa. Walikaa katika nyumba gani? Baraza zao ziko wapi? Kila nifunguapo kamusi ile nazisikia sauti za watu ambao siwezi kuonyeshwa hata kizingiti kimoja walichokivuka, na kwangu mimi huu ni upungufu wa haki, kwa kuwa shahidi aliyevunjwa ni kama shahidi aliyenyamazishwa.

Nyumba ya Gough Square nayo ilikaribia kunyamazishwa. Baada ya Johnson kuondoka ilipita katika mikono mingi, ikawa mahali pa kulaza wageni, ikawa karakana ya wachapaji, ikawa ghala, hata mwaka 1911 Cecil Harmsworth, aliyekuwa mbunge, akainunua ikiwa imechakaa, akaitengeneza, akaifungulia watu mwaka 1914, kisha akaikabidhi kwa wadhamini. Hakukaa ndani yake, wala hakuifanya ya watoto wake. Kwa lugha yetu tungesema kwamba aliiwekea wakfu, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, kwa kuwa mwenye kuweka wakfu haabudu jengo. Hulitoa katika mali yake ili manufaa yake yawafikie asiowajua. Wenye nyumba za kale za Mombasa, Lamu na Unguja, ambazo ndani yake palifundishwa watu, palitungwa tenzi, palitafsiriwa maneno, nawaomba walifikirie tendo hilo kabla ya kuita fundi wa kubomoa. Na asiyeweza kuiweka nyumba wakfu, basi angalau aandike jina la mwalimu aliyekuwa humo, na mahali alipokuwa akiketi, akayabandike mlangoni.

Johnson alipokuwa akikaribia kufa aliandika wasia. Alipenda Francis Barber, aliyekuwa sasa mtu mzima mwenye mke na watoto, apewe pauni 70 kila mwaka maisha yake yote, na vitu vyake vilivyobaki baada ya kutimizwa haki za wengine akamfanya yeye kuwa mrithi wake, jambo lililowaudhi baadhi ya rafiki zake. Nyumba ya Gough Square haikuwamo katika wasia huo, kwa sababu Johnson hakupata kuimiliki. Alikaa humo miaka kumi na moja akiwa mpangaji.